Kayaki za kukodi Naivasha, tulienda kuvua na klabu

Wikendi iliyopita sisi watu wa klabu ya uvuvi tulitoka Nairobi giza bado, ni kama kilomita 90 tu, tukakodi kayaki, vile vimashua vidogo vya kupiga kasia, kwa jamaa fulani wa pale Moi South Lake Road na kusema ukweli kayaki zenyewe ziko poa sana, ni zile za plastiki unakaa juu yake, pana, haziyumbi ovyo hata ukigeuka kuchukua chambo nyuma, na fimbo ya kuvulia unaichomeka kwenye tundu mikono inabaki na kasia tu.

Penye walituangusha ni laifjaketi. Zingine zipu zimekufa kabisa, na hapo siwezi nyamaza, juu hili ziwa lina viboko, na kiboko hana mchezo. Tulikataa kuingia majini mpaka wakaleta zingine.

Lakini yule kijana wa kutuongoza, heko kwake! Alituweka mbali na mafunjo, akahakikisha kila mtu anamwona mwenzake, na kabla ya saa sita akatuambia turudi, juu mchana upepo wa Naivasha unaamka ghafla na mawimbi yanakuwa makubwa. Wengine walinung'unika, samaki walikuwa wanashika vizuri, tilapia wengi na kambare mmoja mnono, ila mimi naona alifanya sawa kabisa.

Bei ulizeni mapema, boti ya kusindikiza inalipwa kando. Nawapa nyota nne, ya tano wakinunua laifjaketi mpya.