Glasi za kujifunzia kuonja mvinyo: anza na ukingo, jina baadaye

Wanaoanza kuonja mvinyo wananiletea lalamiko lilelile. Mwenzao akinusa anataja cheri, pilipili manga, moshi; wao wananusa pombe, basi. Wengi huhitimisha kwamba pua zao ni mbovu, au hukimbilia chupa ya bei kubwa zaidi. Mimi nawauliza kwanza wanaonjea glasi gani.

Kuhusu umbo sina mengi. Tumbo liwe pana kuliko mdomo, ili harufu inayoamka ukizungusha mvinyo ikusanyike badala ya kutawanyika, na mguu uwepo ili kiganja kisiupashe mvinyo joto. Hayo kila muuzaji atakuambia.

Asichokuambia ni habari ya ukingo. Glasi nyingi za bei nafuu huachwa na ukingo uliovimba, kama uzi mnene uliozungushiwa mdomo. Kwenye picha huuoni, na maelezo ya bidhaa hayautaji kabisa. Lakini mvinyo hulazimika kuvuka tuta hilo, kisha unaingia kinywani kwa mkupuo. Anayejifunza anahitaji funda dogo alitembeze taratibu, atambue uchachu unaoleta mate, halafu ukakasi unaokausha fizi. Funda likiwa kubwa, hayo mawili yanamchanganya, naye anabaki kusema "mkali" kwa kila mvinyo. Pitisha kidole kutoka ubavuni kwenda juu: kikikwama kwenye tuta, iache dukani. Ukingo uliokatwa na kulainishwa hauzuii kidole hata kidogo.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni Spiegelau, na sifichi upendeleo wangu. Ni jina la Ujerumani, na tangu 2004 limo mikononi mwa kampuni ya glasi ya Riedel ya Austria. Hata glasi zake za mashine zina ukingo mwembamba, na ile ya ukubwa wa kati inafaa mvinyo mweupe na mwekundu pia. Nunua mbili zinazofanana, uonje mivinyo miwili kwa pamoja. Kulinganisha kunafundisha kuliko glasi moja ya kifahari.

Ya pili ni glasi ya kiwango cha kimataifa cha ISO 3591, kilichotolewa mwaka 1977. Inachukua mililita 215 hivi, nawe unamimina 50 tu. Ni ndogo, haina mbwembwe, na vipimo vyake vimewekwa maalumu kwa kazi ya kuonja. Naiweka ya pili kwa sababu wapo watengenezaji wanaofuata umbo lake huku wakiacha ukingo mnene, kwa hiyo usinunue kabla kidole hakijapita.

Ya tatu ni glasi ya Zwiesel, ya kioo cha kristali kiitwacho Tritan, kisicho na madini ya risasi. Ni imara, inamfaa mwenye mkono mzito. Glasi ya Zalto ni nyepesi ajabu na ukingo wake hauna mfano, ila kwa anayeanza gharama hiyo ni heri iingie kwenye mvinyo.

Za bei ya chini kabisa, zisizo na mguu au za plastiki, ziache kwa sherehe.

Kinachonikera hasa ni wauzaji wanaomwambia mgeni kwamba kila aina ya zabibu inadai glasi yake, ati umbo fulani hupeleka mvinyo ncha ya ulimi panapoonja utamu, na lingine pembeni panapoonja uchachu. Ramani hiyo ya ulimi ilitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901. Ladha zote huhisiwa kila sehemu yenye vionjio. Tofauti kati ya sehemu hizo ni ndogo mno. Umbo hubadili harufu, hilo ni kweli, lakini mtu anayejifunza kutofautisha uchachu na ukakasi hauziwi seti ya glasi za kila zabibu. Muuzaji akikutandikia sanduku zima mezani, mwombe moja tu, uipitishe kidole ukingoni mbele yake.