Banda la kuku la mbao la kununua barabarani: uzoefu wangu wa miezi 11

Banda lenyewe ni zuri, naanza na hilo nisije nikaonekana nina kinyongo na fundi. Nililinunua Julai mwaka jana kwa mafundi wanaopanga kazi zao kando ya barabara hapa Morogoro, laki tatu na nusu pamoja na kirikuu ya kulileta mpaka Bigwa. Miguu ina sentimita 60, sakafu ni ya mabanzi yaliyoachiwa nafasi ili kinyesi kidondoke chini, viota vinne unavifungua kwa nje, na bati limechomoza vya kutosha mbele na nyuma. Masika yote haikuingia tone. Aliyeniuzia alisema linabeba kuku 30. Labda wakisimama kama abiria wa daladala! Mimi niliingiza mitetea 14 wa kienyeji na jogoo mmoja, na naona 20 ndiyo mwisho wake.

Kasoro ni wavu.

Siku ya kununua niliugusa kwa kidole, ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita, nikamuuliza fundi kama utahimili. Akacheka. "Mama, hapa hata panya hapiti." Nikaamini, kwa sababu ulikuwa mpya na unang'aa, na kwa sababu nilitaka kuamini.

Septemba, alfajiri moja, nikashangaa jogoo hajawika. Nikatoka na tochi. Alikuwa hai, kasimama kwenye kichanja cha juu kabisa, na mitetea watano wamebanana pembeni yake. Chini walilala tisa. Wanane hawakuliwa hata kidogo, wameng'atwa shingoni wakaachwa hivyo hivyo. Wa tisa alikuwa kavutwa mpaka kona ya nyuma, kichwa hakipo. Hapo kwenye kona wavu ulikuwa umevutwa ukajikunja kwa ndani, tundu la ukubwa wa ngumi yangu, na pini tatu zilizokuwa zimeushika zimedondoka kwenye majani.

Mimi nilikuwa nalaumu paka wa jirani. Mzee wa nyumba ya juu akaja, akainama, akanusa pale konani kabla hajasema neno. "Mwanangu, paka angebeba mmoja akaenda zake. Huyu ni kicheche." Harufu kweli ilikuwepo, kali, ilikaa siku mbili. Akanieleza na kwa nini hatukusikia kelele: kuku usiku haoni, ukimgusa kwenye kichanja anatulia tu akisubiri kukuche. Anauawa mmoja, wa pembeni yake hahami.

Ndipo nikaelewa nilichouziwa. Ule wavu wa pembe sita kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, na hiyo unaifanya vizuri. Kumzuia adui asiingie ni kazi nyingine kabisa. Waya wake ni mwembamba, umesokotwa tu, na ukikaa kwenye unyevu muda mrefu kutu inaumaliza. Panya mdogo anapita bila hata kubana pumzi.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua wavu wa matundu ya mraba, nusu inchi, ule uliochomelewa kila waya unapokutana. Bei inauma, karibu mara tatu ya ule mwingine kwa mita. Kijana wa mtaani akaupigilia kwa misumari ya U badala ya pini, kisha juu ya kingo zote akaweka mabanzi membamba ili hakuna ukingo wa kushika kwa meno wala kucha. Kwenye uwanja wa mchana tukaufukia sentimita 30 hivi, ukiwa umekunjwa kuelekea nje, maana mnyama huchimba palepale ukuta unapoanzia. Kile kipande cha mbao cha kuzungusha mlangoni nikakitupa, nikaweka komeo la chuma na kufuli. Tangu hapo sijapoteza kuku usiku. Mara mbili nimekuta mbao za kona ileile zimekwaruzwa.

Miguu mirefu ya banda sikuipa thamani mpaka Aprili, siafu walipotoka. Siafu wakimkuta kuku anaatamia humaliza vifaranga kwenye mayai na mama yao juu. Niliweka kila mguu ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, nikahakikisha hakuna jani wala tawi linalogusa banda. Walipita pembeni. Banda la chini lisingepona.

Mchana ni habari nyingine, na hapo banda halina la kulaumiwa. Mwewe na kunguru wananichukulia vifaranga nje, na dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwafungia kwenye tenga na mama yao mpaka wachangamke, karibu miezi miwili. Dada mmoja hapa mtaani aliwapaka wake rangi ya zambarau akiambiwa mwewe atawaogopa. Walibebwa wakiwa zambarau.

Nyota tatu kati ya tano: mbao, bati na miguu vyote safi, mbili nimekata kwa wavu na mlango. Ukienda kununua, mwambie fundi akutengenezee bila wavu na akupunguzie bei, kisha ule mzito nunua mwenyewe na usimamie upigiliaji. Nilirudi kwake mwezi huu kuagiza la pili. Nikamsimulia habari ya wale tisa, akanyamaza kidogo, kisha akatoa elfu thelathini kwenye bei. Linakuja Jumamosi, na misumari ya U nimeshanunua.