Jumla au rejareja, ipi inabana matumizi ya nyumbani?

Kwa bei jumla inashinda, ila gawa bei kwa kilo au lita kwanza, kuna pakiti kubwa kilo yake ni ghali kuliko ndogo na watu wanabeba tu. Sabuni, chumvi, sukari zinakaa, mafuta ya kupikia ukishafungua yanaanza kuharibika taratibu. Halafu vitu vikijaa ndani mkono unakuwa mwepesi, dawa ya meno inaisha chapchap (watoto ndo usiseme). Hapo rejareja inabana, na hela hailali stoo, japo nauli za dukani zinaongezeka. Familia kubwa yenye mshahara wa mwezi, jumla inawafaa. Kipato cha siku kwa siku chukua kidogo kidogo, usikope ili ununue jumla, riba itakula nafuu yote.