Kashata za korosho au kipochi cha ukili: zawadi ipi kwa mwalimu?

Msimu wa korosho huku Mtwara huwa umeshika kasi wakati shule zinapokaribia kufunga mwaka, na ndiyo maana mtu asiye na fedha nyingi, anayetaka kumshukuru mwalimu au kumkumbuka rafiki, hufikiria kwanza kashata. Vipande vilivyovunjika vinatosha kabisa, navyo ni nafuu kuliko korosho nzima. Nunua zilizokwisha kubanguliwa, kwani mafuta ya ganda la korosho mbichi huunguza ngozi. Sukari huyeyushwa kwa moto mdogo bila kuachwa peke yake, mpaka ipate wekundu wa chai ya rangi, ndipo korosho zilizokaangwa humwagwa humo, zikatandazwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukatwa zingali moto, maana zikipoa hupasuka ovyo.

Kipochi cha ukili hudai subira zaidi. Ukindu, yaani majani ya mkindu, hukaushwa juani, huchanwa, huchemshwa na rangi, husukwa kuwa ukanda mrefu, ambao ndio ukili, kisha ukanda huo hushonwa. Asiyejua kusuka atahitaji kukaa na bibi au shangazi kwa majuma kadhaa, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa sehemu ya zawadi yenyewe.

Kashata hunata upesi kwa unyevu wa pwani, hivyo zifungwe kwenye chupa kavu na zitolewe mapema. Kwa marafiki kumi ningepika kashata. Kwa mwalimu aliyenifundisha kusoma ningesuka kipochi, atie humo kalamu zake kwa miaka.