Fundi wa alto, komini ya Kenya, Lubumbashi

Alto yako, ile ndugu ya violoni iliyo kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi, ikikoroma kwenye uzi wa do, ule wa sauti ya chini kabisa, mpelekee fundi huyu. Alichonga daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, upya mbele yangu, akipitisha kipande cha karatasi chini ya kila uzi, kisha akasema: «Piga, mama, nisikie.»

Nikapiga Élégie ya Henri Vieuxtemps, bingwa wa violoni aliyezaliwa Verviers, Ubelgiji, mwaka 1820. Violoni ndiyo iliyompa jina, lakini alto aliiandikia kwa mapenzi: Élégie hii, opus 30 (yaani kazi yake namba 30), na sonata, opus 36. Élégie haina haraka, inaomboleza, na chombo kibovu hakiwezi kuibeba. Safari hii noti za chini zilitoka nzito na safi. Nilifurahi mno!

Bei mnaelewana. Nyuzi za alto uje nazo, yeye ana za violoni tu.