Sanduku la mawe 20 la somo la jiografia: vifaa safi, lebo za kuchungwa

Sanduku hili linapatikana Nakuru mjini, kwenye duka la vitabu linalouza pia vifaa vya maabara, kwa shilingi 3,500. Ndani mna vipande 20 vya mawe, kila kimoja kwenye shimo lake la sponji, pamoja na lenzi ya mkono ya mara 10, sumaku, msumari wa chuma, kigae cheupe kisicho na mng'aro na kichupa cha asidi. Kwa darasa lililozoea kujifunza miamba kwa michoro ya ubaoni, pesa hiyo haipotei. Ila lebo zisiaminiwe kabla jiwe halijapimwa.

Kosa kubwa liko kwenye namba 11. Kipande cheupe, chepesi kama mkate uliokauka, kimeandikwa "chokaa". Kidondoshee asidi: kimya. Mawe ya chokaa, kama yale ya Koru, hutoa povu papo hapo kwa sababu asidi inafukuza gesi ya kaboni dioksidi. Hiki ni diatomaiti, jiwe lile lile linalochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Limeundwa na magamba ya silika ya vijimea vidogo vya majini, na silika haitikisiki kwa asidi hii. Kikigusishwa ulimi hunata, maana vitundu vyake hunyonya mate (kabla ya asidi, tafadhali, si baada). Unga wake usipulizwe, haufai kuvutwa mapafuni. Kosa hilo linakera zaidi likiuzwa Nakuru, mwendo mfupi tu kutoka machimbo yenyewe.

Mawe ya volkano ndiyo fahari ya sanduku. Obsidiani ni nyeusi tititi, na pale ilipopasuka ina mawimbi kama ya ndani ya kombe. Ukingo wake mwembamba ukielekezwa juani hupitisha mwanga. Ukingo huo pia hukata kama wembe, kwa hiyo usipitishwe mkono kwa mkono ovyo. Jiwe la kusugulia miguu linaelea kwenye beseni kama inavyotakiwa, lakini likiachwa humo muda mrefu maji hujaa kwenye matundu na huenda likazama. Likaushwe juani vizuri kabla ya darasa linalofuata.

Matale (graniti) ndiyo yaliyopunjwa. Kipande cha sentimita 3 kinatosha kwa obsidiani isiyo na chembe, lakini chembe za matale ni kubwa, na hiki kimeangukia karibu chote kwenye felspa ya waridi, moja tu ya madini yanayounda matale. Mwanafunzi ataondoka akidhani matale ni jiwe la rangi moja. Walio Kisumu au Vihiga waombe jiwe la ukubwa wa ngumi kwa wanaoponda kokoto za matale Maragoli. Miamba geu, ile iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, nayo ni michache mno.

Lenzi ni nzuri, shida ni namna ya kuishika. Wengi huishika mbali na uso na kuona ukungu. Isogezwe mpaka karibu na jicho, kisha jiwe ndilo liletwe hadi kama sentimita 2.5 kutoka kwenye lenzi.

Kwenye jaribio la ugumu, kwazi, madini magumu kuliko msumari, huwachanganya wanafunzi. Msumari ukipitishwa juu yake huacha mstari wa kijivu, na mwanafunzi anaandika "limekwaruzika". Sugua kwa kidole chenye maji: mstari ukifutika, ni chuma cha msumari kilicholika, jiwe liko salama. Kigae, ambacho jiwe husuguliwa juu yake ili kuona rangi ya unga wake, nacho kina mtego wake. Hematiti, madini ya chuma, hata ikiwa inang'aa kama fedha huacha juu yake rangi ya wekundu wa kutu, na hiyo ni sahihi. Jiwe gumu kuliko kigae hukikwaruza, na unga mweupe unaoonekana ni wa kigae.

Asidi haikupaswa kuwekwa sanduku moja na vyuma. Mvuke wake hupenya kifuniko, msumari unashika kutu na mpira wa kudondoshea unalainika. Itolewe siku ile ile na kufungiwa kabatini, chini ya mwalimu. Siki nayo hufanya kazi badala ya asidi hiyo, ila polepole. Jiwe la chokaa likisagwa kidogo, vipovu huonekana.

Magadi yasioshwe kwa maji, yatayeyuka.

Lebo ni karatasi za gundi, na kwenye unyevu wa Kisumu zinabanduka mapema. Paka kila jiwe kidoa cha rangi nyeupe ya kufutia makosa, kikauke, andika namba kwa wino, kisha funika kwa kyuteksi isiyo na rangi. Namba 11 iandikwe jina lake halisi.

Sanduku moja linatosha kundi la wanafunzi 6 kwa wakati mmoja. Kwa darasa la 45, nunua mawili ya kupokezana na pesa iliyobaki iende kwenye lenzi za ziada, kwani foleni hujipanga kwenye lenzi.