Droni yangu ya mtumba: miezi 8 hapa Tanga

Nina hii droni miezi 8 sasa, niliichukua mtumba kwa jamaa mmoja Ngamiani, kazi zangu ni mbili tu, harusi na kupiga picha mashamba ya mkonge. Nianze na iliyonitoa jasho. Siku ya kwanza nikairushia juu ya ghorofa ambalo halijaisha, nondo zimechomoza kila kona, simu inaniambia nikalibreti dira, yani niirekebishe isome upya pande, mi nikaona mbwembwe tu nikapuuza. Ilivyofika kama mita 10 ikaanza kuzunguka, yani kama mwewe kaona kifaranga, na duara linazidi kuwa kubwa, nikiachia stiki itulie ndo kwanza inazidi. Na setilaiti za jipiesi (GPS) ilizozishika zilikuwa 14, yani nyingi tu!

Baadae ndo nikaelewa, jipiesi inaiambia ipo wapi ila haiiambii pua imeelekea upande gani, hiyo ni kazi ya dira, na dira ilishadanganywa na zile nondo, kwahiyo upepo ukiisukuma inataka kurudi ila inarudi upande sio. Jairo, kile kisensa cha ndani, ipo ndio, lakini yenyewe inahisi kugeuka tu, kaskazini haiijui, na vikosa vyake vinajumlishana kadri muda unavyoenda. Nikaizimia jipiesi nikaishusha kwa mkono, mafundi wa zege wananicheka.

Sikuhizi narushia kwenye udongo mtupu, mbali na gari na mabati, na hapo mashine tamu kusema kweli. Shambani unachora mpaka wa shamba kwenye simu, picha ziingiliane asilimia 75, inajipangia yenyewe mistari ya kwenda na kurudi kama ng'ombe wa jembe. Ila we panga mistari ifuate urefu wa shamba sio upana, maana kila kona inapunguza mwendo na betri inaliwa bure.

Kinachoniudhi ni kurudi nyumbani, yani ile ya kujirudisha yenyewe ilipoanzia. Hii haina sensa za mbele, ukibonyeza rudi inapanda hadi kimo ulichoiwekea halafu inakuja mstari mnyoofu, mnazi ukiwa njiani shauri yako. Mwenyewe wa kwanza aliacha mita 15, sikuangalia, pale Raskazone mnazi ukala pangaboi mbili. Sasa ni 40.

Na huyo jamaa hata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hakunitajia, fuatilia kabla hujarusha.

Kwa bei ile ningenunua tena, ila ningemwambia tukaijaribie uwanjani, sio mle dukani kwake kwenye mabati.